Siku Msukule Alipooshwa Miguu Uani Kwetu

Tuliokuwepo uani asubuhi ile tulikuwa watatu, na wa nne alikuja baadaye. Wa kwanza ni mimi, mke mkubwa wa marehemu. Wa pili ni mke mdogo wa marehemu huyohuyo, ambaye namwita mdogo wangu na yeye ananiita dada, ingawa mwaka ule alipoletwa nilimwita mengine ambayo padri hakuyapenda. Wa tatu ni mama mmoja wa Kigoma anayeuza dagaa barabarani Tinde. Alipanga chumba kwetu kwa mwezi mmoja, sasa ni mwaka wa kumi na moja. Hatuna undugu naye wa damu, tuna undugu wa ulimi. Wa nne ni shemeji yetu, mdogo wake marehemu, mkubwa wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji. Filimbi iko shingoni mwake hata akienda chooni. Waliokuja baada ya hapo walikuwa umati, na umati hauna undugu na mtu.

Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na rangi za ng'ombe waliotolewa mahari. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo sikuwahi kuwa na daftari la kunisaidia kusahau. Lakini wengi wao wapo hai na tunasalimiana kisimani. Majina yabaki kwangu.

Tulikuwa tunakata viazi vya michembe. Unamenya viazi vitamu, unavikata vipande vyembamba, unavianika juani mpaka vikigongana vinalia kama vigae. Njaa ikija unavichemsha na karanga, unamshukuru Mungu. Redio ilikuwa imening'inia kwenye msumari wa mlango, na kilikuwa kipindi chetu, kile cha habari za ajabu.

Mtangazaji alisema kuna mwizi amekamatwa kwenye karakana ya seremala, kalala ndani ya jeneza na kifuniko kajifunika. Alipoulizwa alisema hakuja kuiba, alikuja kujipima.

"Lilimtosha?" akauliza Mama Dagaa.

"Anasema miguu ilibaki nje," nikamjibu.

"Basi siku yake bado. Seremala aliongeze, yeye aende nyumbani akasubiri."

Ikaja ya mwizi wa ng'ombe aliyemrudisha ng'ombe mwenyewe, mkono mzima umejaa nyuki, analia kwa mwenye mali aondolewe. Mdogo wangu alisema yeye angemsamehe yule mwizi akaenda zake, ila nyuki wangebaki, maana mizinga yetu ni mitupu tangu mvua iliyopita.

Tulicheka hivyo kila siku. Sisi ni wajane. Tukianza kulia habari za vifo hatutamaliza kumenya. Lakini niseme na hili. Macho yangu ni mekundu. Kuni kwetu ni za shida, tunapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake ukikuingia miaka hamsini hautoki tena. Mwanamke wa huku akifika umri wangu na macho haya, watu humtazama mara mbili, wakidhani ni mchawi. Nimewazika wenzangu wawili wa rika langu ambao hawakufa kwa ugonjwa. Kwa hiyo habari zile tulizicheka kama unavyomcheka mbwa mkali aliyefungwa: unacheka, huku jicho moja liko kwenye kamba.

Simu ya Mama Dagaa ikalia. Alikuwa ametumiwa picha. Akaitazama, akapiga kofi pajani.

"Jamani, habari za ajabu zimetufikia wenyewe! Msukule kaonekana mnadani kwetu hapa!"

Msukule, kwa asiyejua, ni mtu aliyekufa akazikwa, lakini watu wanaamini hakufa: mchawi alimchukua, akawazikisha gogo, na yeye akamficha, anamlisha pumba isiyo na chumvi na kumlimisha mashamba usiku. Akitoroka anarudi kwao hajui kusema.

"Kachoka kulima," nikasema.

"Nani asichoke kwa pumba?" akasema Mama Dagaa.

"Wangeniletea mimi," nikasema tena. "Magugu yamefika mlangoni. Mimi ningempa na maziwa."

Nililisema hilo kwa mdomo wangu, na macho yangu haya.

Mdogo wangu alifuta utomvu wa viazi kwenye kanga, akaomba aione. Aliisogeza simu mpaka karibu na pua, maana miwani yake ina kioo kimoja. Nilikuwa nasubiri na yeye atoe mzaha wake, kwa kuwa katika sisi watatu yeye ndiye hodari. Kisu kikamtoka mkononi.

"Dada," akasema. "Huyu ni mwanangu."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo.

Mtoto wake wa pekee wa kiume aliondoka kwenda machimbo ya upande wa Geita, yale ya wachimbaji wadogo, wanaoshuka kwa kamba ndani ya shimo ambalo wenyewe wanaliita duara. Siku moja duara liliwaangukia. Walikuwa wengi mle ndani, na kifusi kilichukua siku nyingi kuondolewa. Wakatuletea mmoja kwa gari, amefungwa blanketi na turubai, wakasema ndiye wetu. Wanaume wakatukataza kufungua. Walikuwa na haki, harufu yenyewe ilikataza. Jeneza lilitengenezwa palepale uani, likapigiliwa, tukazika.

Lakini wakati mafundi wanatafuta misumari, maiti ilikuwa chumbani, na mimi nilikuwa nimekaa nayo peke yangu. Mtoto huyo ni mimi niliyemlea. Alipozaliwa, mama yake alipata jipu la titi, akaumwa miezi, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka akatembea. Mguu wake mmoja, kidole kidogo cha mwisho kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake, kama mtoto aliyebebwa. Kidole hicho ndicho kilichokuwa kikinikwangua mbavuni kila aliporusha teke. Basi nikapeleka mkono chini ya blanketi. Nikapapasa. Nikakikuta.

Nikarudisha mkono, nikafunga turubai vizuri, sikumwambia mtu.

Nilikusudia kumwambia mama yake siku ya arobaini. Kabla sijafungua mdomo akaniambia yeye: "Dada, labda siyo yeye. Walikuwa wengi kwenye lile shimo. Labda alikuwa ametoka nje kuvuta sigara." Nikaona jinsi hiyo labda ilivyomshika kiuno akaweza kusimama, akaweza kwenda kisimani, akaweza kula. Nikasema moyoni, mwachie. Fimbo ya mtu anayechechemea hainyang'anywi hata kama ni ya kuokota. Miaka minne nikamwachia.

Sasa labda hiyo ilikuwa imepiga picha mnadani, na ilikuwa inakuja kwa miguu yake miwili.

Hatukumaliza hata beseni moja la viazi. Tulisikia kelele kwanza, kisha vumbi, kisha bodaboda nne mbele, na nyuma yao watu ambao sijawahi kuwaona wengi hivyo hata kwenye mazishi ya mume wetu. Waliingia uani, wakakanyaga michembe yote iliyoanikwa. Katikati walimleta kijana. Nywele zimesokotana, koti la mvua limefungwa kwa kamba ya katani, macho yanacheka na kuogopa kwa pamoja. Alimwona mdogo wangu akasema, "Mama." Umati ukapiga ukelele. Kisha akaniona mimi akasema, "Mama." Akamwona shemeji aliyeingia anahema na filimbi yake, akasema, "Mama." Mbuzi wetu alikuwa kafungwa kando. Naye akaitwa mama.

Lakini watu walikuwa wamesikia ile ya kwanza tu.

"Mtoto karudi!" akapaza sauti mmoja. "Sasa aliyemfuga ajitokeze!"

Hakuna aliyeninyooshea kidole. Hawakuhitaji. Waliokuwa karibu nami walisogea taratibu, mmoja mmoja, mpaka nikabaki nimesimama peke yangu kama ng'ombe wa mnada. Niliwaona na mawe mikononi. Vijana wale niliwatibu tambazi, ule uvimbe wenye maumivu, nikawakata vitovu baadhi yao. Nilijua majina yao, nikawa nayasema moyoni moja moja. Sikuwa nasali. Nilikuwa nataka tu kufa nikiwa najua ni nani na nani.

Mama Dagaa ndiye aliyesema kwanza. Alijishika kiuno.

"Nyie, mna akili? Huyu bibi awe na msukule wa kulima? Shamba lake mmeliona? Magugu yamefika kiunoni! Kama ni mchawi, basi ni mchawi mvivu, afukuzwe kazi!"

Wachache wakacheka. Mkono wa mtu anayecheka hushuka wenyewe.

"Mpeni chumvi huyo kijana!" akapiga kelele mwingine. "Msukule akila chumvi anamtaja aliyemficha!"

"Chumvi?" akasema Mama Dagaa. "Njoo ule dagaa wangu wewe, utakumbuka mpaka siku uliyozaliwa."

Nikageuka niingie ndani nikae. Nilitaka kiti tu. Shemeji akanisogelea, akaongea bila kufungua meno: "Shemeji, usiingie ndani. Ukiingia watasema umekimbia. Simama hapo hapo." Jasho lilikuwa linamtiririka. Filimbi alikuwa ameiweka mdomoni lakini hakupuliza, na nilielewa: akiipuliza na wasimtii, mimi ndiyo basi.

Wote wakawa wanamtazama mdogo wangu. Neno lilikuwa lake. Akisema ndiye, atapata mtoto, na mimi sitaliona jua la mchana. Akisema siye, atamzika mwanawe mara ya pili, na safari hii bila ile labda.

Na mimi sikuweza kumsaidia. Ningesema nini? Nilishika kidole? Angeniamini nani? Mchawi gani hasemi maiti ilikuwa ya kweli?

Mdogo wangu alisema, "Leteni maji."

"Mama, kwanza sema ni..."

"Nimesema leteni maji! Mtu hatambuliwi na vumbi. Na wewe shuka kwenye michembe yangu, mpuuzi."

Maji yakaletwa kwenye beseni lilelile la viazi. Alimkalisha kijana kwenye kigoda chake. Akamwosha uso kwa upindo wa kanga. Akamwosha shingo. Kijana alitulia, akafumba macho kama ndama anayelambwa. Kwenye paji la uso likatokea kovu.

"Kovu! Ana kovu!" watu wakalia. Na kweli mtoto wetu alikuwa na kovu palepale, alipigwa na nira. Lakini katika nchi ya ng'ombe na jembe la kukokotwa, nionyesheni kijana asiye na kovu nimpe kuku.

Mdogo wangu aliligusa kovu lile kwa kidole. Nilimwona akitabasamu. Miaka minne sikuwa nimeliona tabasamu lile, na Mungu anisamehe, nilimwonea furaha mimi mwenyewe, pale pale, na mawe yale yananitazama.

Kisha akapiga magoti akamvua viatu. Kimoja kilikuwa ndala, kingine buti la machimbo. Akamwosha mguu mmoja polepole, kati ya vidole, kama anavyooshwa mtoto mchanga. Akauweka pajani, akaufuta. Akachukua wa pili. Akaufuta. Akaurudia wa kwanza. Vidole vya kijana yule vilikuwa vimenyooka vyote kumi, vimekaa kwa mstari kama watoto wa shule.

Alikaa na miguu ile pajani muda mrefu. Hakuna aliyeelewa anatafuta nini ila mimi. Kisha akainua uso akanitazama mimi, wala si kijana. Hakuwa ananiuliza kitu. Alikuwa ananitazama kama unavyomtazama mtu unayemtwika mzigo kichwani, kuona kama umekaa sawa.

Akasimama, akajifuta mikono.

"Huyu ana mama yake," akasema. "Siyo mimi."

Yule aliyepaza sauti mwanzoni akasema, "Misukule hubadilishwa sura, mama! Wanawageuza!"

"Sura sawa," akasema mdogo wangu. "Na vidole vya miguu? Mchawi ana shida gani na vidole vya miguu? Wangu nilimzaa na kidole kimepanda. Nilimzika. Nilimzika mimi!" Hapo sauti ilimkatika, akaiokota. "Mnataka kunipa mtoto ili mniue dada yangu. Na mtoto mwenyewe siyo wangu. Mnanionaje nyie? Haya, tokeni. Mwenye jiwe aliache hapo mlangoni, tutayafanya mafiga."

Ndipo shemeji akapuliza filimbi. Nikawa nimekaa chini, sikumbuki nilikaaje.

Walitoka. Wengine waliacha mawe kweli. Mafiga yetu mawili ya jikoni leo ni ya siku ile. La tatu tulikuwa nalo.

Shemeji alikwenda kuita polisi wamchukue yule kijana kwa usalama wake. Kabla hawajafika, mdogo wangu alimlisha ugali na dagaa, wenye chumvi. Alikula, akatutazama mmoja mmoja. "Ananikumbuka," nikasema. "Sasa hivi ananitaja." Mama Dagaa akacheka mpaka akakaa kwenye beseni. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na mdogo wangu vilevile, na kijana alipoona tunacheka naye akacheka. Alipopanda gari la polisi alikuwa amevaa shati la mwanetu marehemu, lile la mistari ambalo tulikuwa tumekatazana kulitoa sandukuni. Alilitoa mdogo wangu mwenyewe.

Jua lilipoegemea tulirudi kukata viazi, vile ambavyo havikukanyagwa. Vilikuwa vimeshaanza kuwa vyeusi.

"Ulijua," akasema mdogo wangu, bila kuinua macho.

"Nilishika," nikamwambia. "Siku ile, chumbani. Kabla ya misumari."

Alikata kiazi kizima. Vipande vyake vilikuwa vyembamba sana, unaweza kuona mwanga.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na labda yako. Niliona inakusaidia kutembea."

"Ilikuwa inanisaidia," akasema. Kisha: "Leo ilitaka kukuua."

"Ilitaka."

"Ungeniambia, mayu." Mayu kwa Kisukuma ni mama. Miaka yote aliniita dada. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. "Ungeniambia, ningelia zamani nikamaliza."

Nikamwambia samahani. Akasema, "Kata viazi." Lakini alisogeza kigoda chake mpaka magoti yetu yakagusana, na hivyo ndivyo tulivyokata mpaka tukamaliza.

Wiki iliyofuata tulisikia habari yetu redioni. Mtangazaji alisema bibi kizee mmoja, baada ya kubanwa, alipaa na ungo mbele ya mamia ya watu. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo chini ya redio namenya karanga.

"Umerudi lini?" akaniuliza Mama Dagaa.

"Ungo uliisha upepo," nikasema.

Kijana naye alipata kwao. Polisi walitangaza sura yake, akaja shangazi yake na mfuko wa maharage kutushukuru. Kijana alikuwa mchimbaji, jiwe lilimpiga kichwani, akapotea njia na maneno. Shangazi alimwita jina lake mara moja tu, naye akageuka. Sisi tulikuwa tumemwita majina mengi.

Na mmoja wa wale waliokuwa na mawe, ambaye kitovu chake nilikikata, alinikuta kisimani baada ya siku kadhaa. Akaweka ndoo chini. "Shikamoo, bibi." Niliiacha ile shikamoo ikae hewani mpaka ndoo yangu ikajaa. Kisha nikamwitikia marahaba. Alininyanyulia ndoo, nikampa kichwa.

Jambo moja limebaki, na ndilo lililonifanya niandike. Mimi nasema kidole kile cha mwanetu kilikuwa cha mguu wa kushoto. Mdogo wangu anasema cha kulia. Tumebishana mpaka Mama Dagaa ametuhama, anakaa upande wa pili wa ua. Mimi nilimbeba mgongoni, kushoto kwake ndiko kushoto kwangu, na ubavu uliokwanguliwa ni wa kushoto. Yeye anasema alimpakata uso kwa uso na hawezi kukosea. Mimi ninayekumbuka rangi za ng'ombe wa mahari za kijiji kizima, hili siwezi kuapa. Sasa kwa kuwa hatuna tena labda nyingine, tungependa hii moja tuijue vizuri. Kati yenu kuna ambao mlichunga naye, mkaoga naye kwenye lambo moja, mkaacha nyayo kwenye tope lile lile. Mnajijua. Kama nimekosea, njooni mnisahihishe. Nyumba ni ileile, na michembe ipo.